Upande wa Kushoto

"Umekiona kinakuja?"

"Nimekiona."

"Mbona hukunyoosha hata mkono?"

Brashi hakukiona. Kisahani cha plastiki kilimpita kando ya sikio la kushoto, akasikia upepo wake tu, kikaanguka nyuma yake kwenye nyasi. Akasingizia jua. Fundi akatazama mbingu zilizofunga mawingu kama sufuria iliyofunikwa.

Fundi alikuwa fundi wa majokofu. Mwenzake alikuwa mchora mabango, na wachezaji walimwita Brashi. Walipendana Brashi alipokwenda kuandika jina la karakana ya Fundi ukutani, na haukupita muda Fundi akamwingiza kwenye timu yake, wanaume kwa wanawake, saba kwa saba. Mnarushiana kisahani mpaka mwenzenu akidake mwisho wa uwanja. Ukikishika hukimbii nacho. Unasimama, mpinzani anakuhesabia, na kabla ya kumi kiwe kimekutoka. Refa hakuna. Aliyekosea hujisema mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha Brashi raha. Jicho lake la kushoto lilikufa kwa surua akiwa na miaka minne, ingawa kwa kulitazama usingejua. Mchumba wake wa kwanza alipoambiwa, aliacha kupokea simu, kisha akatuma salamu kwamba hataki kuzaa vipofu. Tangu hapo shangazi aliyemlea alimwekea sharti: mdomo ufungwe mpaka ndoa ifungwe.

Basi akajifunza mchezo kwa hofu. Kukamata ukingo kwa vidole, kukunjua kiwiko, kukitoa kisahani kiende bapa bila kuyumba, hayo mkono wake uliyajua upesi. Kudaka ndiko kulikomtoa jasho. Aligeuzageuza shingo kama kuku aliyesikia mwewe. Wenzake wakacheka, naye akacheka nao. Kila Jumamosi alisema leo nitamwambia. Kila Jumamosi Fundi alimsindikiza hadi mlangoni, naye akaingia ndani bila kumwambia.

Jumamosi ya tisa Fundi alirusha kisahani cha mbali. Mtu akaita, "Juu!" Brashi akageukia kushoto kuifuata sauti, na ukingo ukampata kwenye jicho la kulia, lile lenye nuru.

Njia nzima hadi kliniki ya macho Fundi alimshika mkono, akiomba radhi mpaka dereva wa teksi akamwambia inatosha. Shangazi akawakuta huko. Daktari akaeleza kwamba damu imevuja ndani ya jicho. Atalifunga siku tano, mgonjwa alale kichwa kikiwa juu, ndipo wajue kama litaona.

"Usiogope sana," akamwambia. "Kwa sasa utatumia hilo lingine."

Mkono wa Fundi ulikuwa bado juu ya wa Brashi.

"Hilo lingine halioni, daktari. Halijaona tangu utotoni."

Mkono ukaondoka. Akasikia viatu vya Fundi vikienda mlangoni, vikasimama kidogo, vikatoka.

Nyumbani, usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja. Alipapasa ukuta kwenda msalani akihesabu hatua, akiwaza kwamba huenda ndiyo maisha yenyewe sasa. Aliogopa hata kulia, machozi yasije yakalidhuru jicho.

"Shangazi, hajapiga?"

"Hajapiga, mwanangu."

"Hata ujumbe?"

"Lala. Daktari kasema usihangaike."

Simu yake ilitetemeka mezani mara nyingi. Shangazi alisema ni matangazo.

Siku ya tano wakarudi kliniki, daktari akafungua bandeji. Kwanza ukungu mweupe kama maji ya mchele. Kisha kidole cha daktari. Kisha herufi ukutani, mpaka mstari wa nne. Akakaa. Shangazi akaenda kwenye dirisha la dawa kuchukua matone, akamwachia mkoba mapajani. Simu ya Brashi ilikuwa humo. Akafungua ujumbe wa Fundi.

*Nilitoka nje nilie, sikutaka unisikie. Niliporudi shangazi akaniambia umelala.*

*Ni mimi niliyekirusha. Niruhusu nije, hata nikae mlangoni tu.*

*Nimewaza. Tukishambulia, kaa kushoto kabisa, kwenye mstari. Kushoto kwako hapatakuwa na mtu wala kisahani. Kila kitu kitakujia kulia.*

Chini yake, kutoka simu yake mwenyewe: *Usinitafute tena. Nimeamua.*

Na la mwisho, la Fundi: *Sawa. Ila nijulishe tu kama unaona.*

Shangazi alirudi, akaiona simu mkononi, akajua.

"Kwa nini, shangazi?"

"Yule wa kwanza naye alikuwa na maneno ya asali. Wiki mbili hukula. Nikaona huyu nimkate mimi kabla hajakukata wewe. Niliogopa, mwanangu."

"Na mimi niliogopa. Ona woga wetu ulikotufikisha."

Brashi akampigia Fundi. Simu haikulia mara mbili.

"Unaona?" Fundi akauliza, bila salamu.

"Naona. Ule ujumbe si wangu. Lakini kulificha jicho ni kosa langu. Nilikudanganya tangu siku ya kwanza."

"Nimekasirika," Fundi akasema. "Ungepofuka kwa mkono wangu, na mimi sijui lolote. Siku tano hizi sijashika bisibisi."

"Bado una hasira?"

"Bado. Niko hapa nje ya kliniki tangu saa mbili asubuhi. Nije, au niende?"

Brashi akamgeukia shangazi. "Yuko nje. Nenda ukamlete."

"Nitamwambia nini?"

"Mwambie ni wewe uliyeandika."

Shangazi akajitengeneza mtandio, akaenda. Alikawia. Waliporudi macho ya shangazi yalikuwa mekundu, na chupa ya dawa ilikuwa mkononi mwa Fundi. Akakaa kulia kwa Brashi, mahali anapoonekana, akasoma maelezo: tone moja, mara nne kwa siku.

"Inua kichwa," akasema. Brashi akainua, na Fundi akadondosha tone la kwanza.