Kitambaa cha Kufuma Juu ya Kompyuta

Basi la Arusha liliingia stendi ya Babati likiwa jekundu kwa vumbi mpaka kwenye vioo, na kijana aliyeshuka mlango wa mbele alikuwa wa rangi hiyo hiyo. Foleni ya sukari ilikuwa imetoka duka la ushirika ikakata njia. Aminiel aliinua begi lake la vifaa, akajipenyeza mbele ya msichana mwenye gauni la njano na sweta nyeupe.

"Samahani dada, napita tu."

"Wote husema wanapita tu," msichana alijibu, macho chini. "Kisha tunawakuta mbele."

Watu wakacheka. Fabiola mwenyewe alishangaa. Hakuwa mtu wa kutania wageni.

"Sukari yenu siitaki. Natafuta ofisi ya Mradi wa Miti. Mimi ni fundi wa kompyuta."

Fabiola akamgeukia. Mradi ulikuwa na kompyuta moja, na karani wake alikuwa yeye. Siku ya nne sasa ilikuwa imezimika, ikinuka kama ufito ulioungua.

"Nisubiri nipate kilo yangu," alisema. "Nitakupeleka."

Ofisini, mtaa wa Maisaka, Aminiel alisimama mbele ya ile mashine akatabasamu. Ilikuwa imevaa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembe zote.

"Kizuri. Nani amefuma?"

"Mimi."

"Na ikifanya kazi, unakiondoa?"

"Nakunja mbele tu, nisome maandishi. Juu na nyuma nakiacha. Vumbi la Babati umeliona."

Fundi alicheka taratibu. "Kompyuta inapumulia mgongoni, Fabiola. Wewe umeifunika blanketi."

Fabiola hakucheka. Akilini alimwona baba yake kule Mbulu, nje ya kanisa, akiwasimulia watu kwamba binti yake anaendesha mashine inayokumbuka majina. Kazi hii ikiondoka, baba angesimulia nini?

Viatu vya Bwana Pantaleo, meneja wa mradi, vilisikika barazani. Upesi Aminiel alikunja kitambaa akakitia kwenye begi.

Alikaa Babati siku mbili, akakuta mashine haitengenezeki; mpya ingechaguliwa katika kikao cha mradi. Jioni yeye na Fabiola walitembea mpaka karibu na ziwa, wakatazama viboko.

"Yule mnene anafanana na meneja wako," Aminiel alinong'ona.

"Nyamaza! Atakusikia."

"Nani, kiboko?"

Fabiola alicheka mpaka akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Asubuhi basi lilimchukua Aminiel, na ndipo Fabiola alipokumbuka kwamba kitambaa kimeondoka naye.

Juma zima alijizuia. Siku ya nane akanyanyua simu, na Lukresia wa posta akamwunganishia Arusha.

"Haloo, Fabi! Nimekungoja upige."

"Kitambaa changu kiko wapi?"

"Kiko mahali salama. Nitakuja nacho siku ya kikao."

Siku ya kikao! Mbele ya meneja!

"Kumbe matembezi yote yale ulikuwa unanipeleleza," alisema, akakata.

Simu ikalia palepale. Alikuwa Lukresia. "Dada Fabiola, kaka wa watu bado anaita haloo."

"Mwambie nimetoka."

"Umetoka, na naongea na wewe?"

"Nimetoka, Lukresia!"

Kikao kilipofika, Fabiola aliketi pembeni na daftari la kumbukumbu, hakumtazama mgeni. Aminiel aliweka karatasi mbili mezani, juu ya ripoti yake. Moja ilikuwa ya kompyuta ya mfumo ule ule wa zamani: kioo cheusi, maandishi ya kijani, amri za kuandika herufi kwa herufi. Nyingine ilikuwa ya mfumo mpya wa picha, wenye kidude cha kusukuma juu ya meza kiitwacho panya.

"Hiyo ya picha," Bwana Pantaleo alisema. "Wafadhili wakija waone maendeleo."

"Ni nzuri, mzee. Lakini haisomi diski zenu. Majina yote mtayaandika upya."

Fabiola aliacha kuandika. Majina elfu mbili ya wakulima wa vijiji vya Nangara mpaka Sigino, na idadi ya miche ya kila mmoja! Yalimchukua mwaka mzima, na mvua zilikuwa majuma matatu mbele.

"Ya zamani iliungua yenyewe," meneja alisema. "Siwezi kununua ndugu yake."

"Iliungua kwa joto, mzee."

"Joto gani? Hapa Babati tunalala na mablanketi mawili!"

Aminiel alianza kuzipanga upya karatasi zake.

"Ni mimi, Bwana Pantaleo." Fabiola alikuwa amesimama, daftari mkononi. "Niliifunika kitambaa ikiwa inafanya kazi. Mashine haina kosa. Nunueni ya mfumo ule ule, wakulima wapate miche yao. Mimi nifanyeni mtakavyo."

Bwana Pantaleo akavua miwani.

"Hata redio yangu imefunikwa," alisema. "Mke wangu haifunui hata wakati wa taarifa ya habari. Walipoileta kompyuta, kuna aliyekwambia inahitaji hewa?"

"Hakuna, mzee."

"Ndivyo nilivyoandika, ukurasa wa pili wa ripoti," Aminiel alidakia. "Walioileta hawakumwelekeza mtu."

"Ukurasa wa pili sijafika," meneja alikiri. "Basi, ya mfumo wa zamani. Na Fabiola, ukae. Nani mwingine anajua kuiendesha?"

Nje, Aminiel alimkuta ameegemea nguzo ya baraza, akipangusa macho.

"Nilificha kitambaa ili meneja asikione. Ukadhani nakupeleleza?"

"Nilikosea, Aminiel. Nisamehe." Alivuta pumzi. "Nipe basi kitambaa changu."

"Sinacho. Mama alikikuta kwenye begi, akakitandika mezani. Hata kikombe hakiwekwi juu yake. Kila jioni ananiuliza, aliyefuma hiki ni mtoto wa nani?"

"Ukamjibu nini?"

"Mtoto wa watu wa Mbulu, na hukata simu ovyo."

Fabiola alicheka katikati ya machozi.

"Leo nimekiomba, amekataa katakata," Aminiel aliendelea, sasa bila utani. "Anasema atakirudisha mwenyewe, pamoja na wazee, kwa baba yako. Nimemwambia nikuulize kwanza."

Fabiola aliinama akapangusa vumbi la kiatu.

"Mwambie aje mvua zikiisha," alisema. "Barabara ya Mbulu ina tope." Kisha akainua macho. "Na wewe, stendi ulisema unapita tu."

"Nilikudanganya," Aminiel alisema.