Wino wa Picha ya Mama

"Moja tu! Karatasi moja tu, kwani hiyo mashine itakufa?"

"Moja yako, moja ya jirani, moja ya paka wa jirani. Nimesema hapana."

"Lakini wiki iliyopita ulisema wiki hii!"

"Wiki iliyopita wino ulikuwepo. Sasa umebaki kidogo, na kuna ramani za mkuu. Toa kidole hapo kabla sijakikunja."

Kidole kikatoka kwenye kitufe cha printa. Kilikuwa kidole cha msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Chiriku na kila mtu kwa sababu ya mdomo wake. Ukimwacha na jiwe, jiwe litachoka kusikiliza. Aliyemkemea alikuwa shangazi yake, katibu wa ofisi ya maji, mwanamke mfupi mwenye miwani na maneno ya mkato.

Kila siku baada ya shule Chiriku alikuja ofisini, maana ufunguo wa nyumba ulikaa kwenye mkoba wa shangazi. Alikuwa na kiti chake nyuma ya printa. Hapo alifanya kazi za shule, akimaliza anajaza karatasi, anabana nakala, anafuta vumbi. Printa yenyewe ilikuwa kubwa kama kabati, ya rangi, na ofisi nzima ilichapia kwenye kompyuta moja tu, ya shangazi.

Shangazi alikuwa amemfundisha. "Kabla hujabonyeza, jiulize. Karatasi kubwa au ndogo? Imesimama au imelala? Rangi, au nyeusi tupu? Upande mmoja au pande mbili? Nakala ngapi? Mashine haijui kubisha. Ukiiambia upuuzi, itakuchapia upuuzi, tena bila kukucheka."

Chiriku alivijua vyote hivyo kama anavyojua njia ya chooni. Na alichotaka kuchapa alikijua pia: picha ya mama yake.

Baba alifariki Chiriku akiwa bado anatambaa. Mama akaenda mbali kutafuta kazi, akaipata katika nyumba ya watu, kumwuguza bibi mmoja asiyeweza kutembea. Aliondoka Chiriku akiwa na mapengo mdomoni. Sasa mapengo yameziba yote na mama hajarudi. Hela alituma, salamu alituma, na juzi juzi akatuma picha kwenye simu ya shangazi. Amesimama dirishani, amevaa gauni la njano, njano ya kiini cha yai, anacheka na mtu asiyeonekana.

Tatizo simu ni ya shangazi. Shangazi akienda sokoni, mama naye anaenda sokoni. Shangazi akilala, mama anazimwa. Chiriku alitaka mama wa kukaa. Alitaka kumbandika ukutani karibu na mto, akifumbua macho amwone. Sauti ya mama aliijua, waliongea kwenye simu. Uso ndio ulikuwa umeanza kumtoroka. Asubuhi nyingine alikumbuka masikio akasahau pua. Hilo hakumwambia mtu, pamoja na mdomo wake wote.

Mkuu wa ofisi alikuwa amemwahidi, "Ramani zikiisha, wino wa rangi utakaobaki ni wako. Ijumaa utachapa picha yako, kubwa, karatasi nzuri." Mkuu alikuwa mwanamama mrefu asiyetania, kwa hiyo Chiriku aliamini.

Lakini wino wa rangi una maadui, na adui mkubwa alikuwa karani wa hesabu. Ofisi nzima ilimwita Baba Maua. Yule bwana hawezi kuandika tangazo bila kulizungushia waridi. Zamu za kuchemsha chai, waridi. "Tafadhali funga mlango," waridi na kipepeo.

Jumatano mchana Chiriku akamwona anakuja na tangazo lingine.

"Baba Maua, hilo nalo la rangi?"

"Sasa binti, ua jeusi ni ua hilo? Hilo si la msibani?"

Akachapa. Waridi kumi na mbili zikatoka nyekundu, zimeshiba. Kwenye kioo cha mashine Chiriku akaona mstari wa wino umeshuka. Moyo ukamwaka. Aliona kama gauni la mama linapungua pindo.

Baadaye kidogo mkuu akamtuma shangazi benki. Baba Maua akaachiwa meza ya shangazi aiangalie, lakini kwanza akaenda kuosha kikombe. Chumba kikawa kitupu.

Chiriku akavuta kiti kwenye kompyuta. Akafungua mipangilio ya printa. Penye rangi akachagua nyeusi na nyeupe, akaiambia kompyuta ishike hivyo hivyo kila siku. Alibonyeza mara moja tu, kimya kimya. Ijumaa atairudisha. Hakuiba kitu, alijiambia. Amefunga bomba tu ili maji yasimwagike.

Baba Maua akarudi, akagundua kwamba kwenye tangazo lake ameandika "funga mlamgo", akasahihisha na kuchapa upya. Karatasi ikatoka. Akaishika kama mtu aliyeokota panya.

"He! Maua yangu yameungua! Chiriku, imekuwaje?"

"Labda wino wa rangi umeisha," Chiriku akasema, macho kwenye daftari.

"Umeisha?"

"Umeisha."

Ndivyo uongo unavyoanza. Unaingia na "labda," ukigeuka umeshakalia kiti.

Haukupita muda akaingia Fundi Bomba, buti zina matope, mlango mzima ameujaza yeye. Alikuja kuchukua ramani ya mtaa wa shule. Chini ya barabara ile yalilala mabomba mawili ya chuma, sambamba kama reli. Moja linapeleka maji mtaani. Jingine la zamani, limekufa miaka mingi, na kesho yake asubuhi alitakiwa alikate waliondoe. Kwenye ramani, bomba lenye maji lilichorwa kwa buluu na lililokufa kwa rangi ya chungwa.

Baba Maua akamchapia. Fundi akaigeuza karatasi huku, akaigeuza kule.

"Mbona mabomba yote kijivu? Lipi ni lipi hapa?"

"Wino wa rangi umeisha, fundi wangu. Muulize Chiriku, ndiye daktari wa hiyo mashine."

Fundi akamgeukia. "Eti, binti? Umeisha kweli?"

Hapo ndipo Chiriku angeweza kuokoa kila kitu. Neno moja lilitosha. Lakini alifikiria ramani ile ilivyo kubwa, jinsi itakavyonyonya buluu na njano, na Ijumaa ni keshokutwa tu. Akatikisa kichwa kukubali.

"Haya," fundi akasema. "Nakumbuka lililokufa lipo upande wa duka la viatu. Nadhani." Akakunja ramani, akaenda.

Jioni njiani shangazi akamwangalia. "Leo umemeza nini? Chiriku akinyamaza, kuna nyoka mtini."

"Nimechoka tu, shangazi."

Kesho yake, somo la hisabati likiwa katikati, mwanafunzi aliyekwenda kunywa maji akarudi na kikombe kikavu. Bomba la shule lilikohoa, likatema kutu, likanyamaza. Kufika saa sita vyoo havikuwa na maji. Mwalimu mkuu akawaruhusu wote warudi nyumbani. Wenzake walishangilia. Chiriku alitembea kama ana mawe mfukoni.

Kwenye kona ya duka la viatu barabara ilikuwa mto. Mafundi walikuwa shimoni, maji kiunoni, wanapigizana kelele. Akina mama wamesimama na ndoo tupu. Bibi mmoja alikuwa anauliza, haongei na mtu yeyote, "Sasa nitampikia nani na nini?"

Chiriku akakimbia ofisini. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya mkuu.

"Wewe ndiye mwenye mashine!"

"Ulinituma benki mwenyewe, mkuu," shangazi akasema.

"Na wino? Kwa nini hukunieleza kwamba umeisha?"

"Haujaisha! Jana asubuhi nimeuona kwa macho yangu."

"Karani anasema umeisha, fundi anasema umeisha, wewe unasema upo. Nimwamini nani? Fundi amekata bomba lenye maji, mtaa mzima umekauka. Kuanzia kesho nenda stoo ukahesabu misumari. Mashine nitampa mtu mwingine."

Fundi Bomba alikuwa pembeni, amelowa mpaka kope. Baba Maua alikuwa anaangalia viatu vyake. Shangazi alivua miwani, akaanza kuifuta, na ilikuwa safi.

Chiriku aliona mikono ile ikifuta kioo kisicho na doa. Tuseme ukweli, hata hapo alisita. Kesho ilikuwa Ijumaa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mkuu ataona wino upo, ahadi ni ahadi, na mama atakaa ukutani. Shangazi atahesabu misumari, na jioni atarudi nyumbani kupika kama kawaida.

Lakini atampikia nani? Mtu aliyemwuza.

"Ni mimi," akasema.

Wakageuka wote.

"Wino upo. Mimi ndiye niliyefunga rangi kwenye kompyuta. Nilitaka ubaki kwa ajili ya picha ya mama. Na fundi aliponiuliza, nilimdanganya."

Kisha Baba Maua akaropoka, "Kumbe maua yangu!" Mkuu akamtupia jicho, naye akajikunja.

"Wewe usiongee," mkuu akamwambia. "Mtu mzima unashindwa kufungua mipangilio ukatazama?" Akamgeukia Chiriku, naye Chiriku akajiandaa kwa lolote. Lakini fundi akaingilia, huku maji yanamdondoka kidevuni.

"Mkuu, usimbebeshe mtoto mzigo wote. Mimi nilisema 'nadhani' halafu nikaingia na msumeno. Fundi akisema 'nadhani', aweke msumeno chini. Nami nimekosa."

Mkuu akavuta pumzi. "Shangazi yako nimemwonea, na nitamwomba radhi mwenyewe. Wewe kaa hapo. Mchapie fundi ramani yake."

"Mimi?"

"Wewe. Na useme kwa sauti kila unachochagua."

Chiriku akakaa. "Karatasi kubwa. Imelala. Rangi. Upande mmoja." Akamtazama fundi. "Nakala ngapi?"

"Tatu. Kuna vikundi vitatu shimoni."

Tatu. Akaandika tatu. Akabonyeza.

Printa ikakoroma. Ikatoka ramani ya kwanza, buluu na chungwa zinang'aa, hata kipofu angeyatofautisha mabomba yale. Ikatoka ya pili. Ya tatu ilipofika nusu, mistari ikaanza kupauka, ikamaliza kwa shida, na kwenye kioo taa ikawaka: wino wa rangi umekwisha. Safari hii kweli.

Hakulia. Alibana ramani, akampa fundi kwa mikono miwili.

"Asante, daktari," fundi akasema. "Sasa chukua ndoo. Kisima cha zahanati kina maji, na kuna wazee mtaani hawawezi kubeba."

Alibeba mpaka mabega yakawaka. Alipofika kwa yule bibi wa kona, alimimina ndoo kwenye pipa lake. Bibi akamwita mtoto mwema, na neno lile likamchoma kuliko kofi. Jioni bomba likaunganishwa. Maji yakarudi, kwanza mekundu, kisha meupe.

Jumapili mama akapiga simu ya video. Shangazi alimkabidhi Chiriku simu, akatoka nje. Chiriku alieleza yote, kuanzia waridi za Baba Maua mpaka taa ya wino. Hakuruka pale alipomdanganya fundi, ingawa alipaharakisha.

Mama akaisogeza simu karibu na uso wake.

"Mwanangu," mama akasema, "kunikumbuka si kosa. Mimi huku nikimsikia mtoto wa mtu anaita mama, nageuka. Sikugombezi kwa hilo. Lakini sikiliza. Ukikitaka kitu kwa moyo wote, kiombe mbele za watu, na ukinyimwa, subiri mbele za watu. Ukikichukua kwa uongo, mzigo wake utabebwa na mtu asiyehusika. Leo alikuwa shangazi yako, na yule bibi mwenye ndoo tupu. Umesema kweli, umechelewa, lakini umesema. Kesho uwahi."

"Ndiyo, mama."

"Shangazi yako umemwomba radhi?"

"Nimemwomba. Akasema nitafute maneno mafupi zaidi, nimemchosha."

Mama akacheka, cheko lile la kwenye picha. "Na picha?"

"Mpaka wino mpya uletwe. Mkuu hajasema lini. Shangazi anasema niichape nyeusi na nyeupe, lakini sitaki. Nataka njano."

"Basi niangalie sasa hivi. Nimelivaa."

Mama akaisimamisha simu juu ya kitu fulani, akarudi nyuma hatua chache mpaka akaonekana mzima, kichwa hadi miguu. Alikuwa amekonda. Pua ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa. Chiriku aliisogeza simu karibu, karibu zaidi, mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta haraka kwa mkono.

"Zunguka, mama. Nione na nyuma."

Mama akaanza kuzunguka. Gauni likatanuka, njano tupu, likajaza kioo. Ndani ya ile nyumba ya mbali sauti dhaifu ya bibi mgonjwa ikaita.

"Naja!" mama akajibu, akiwa amempa Chiriku mgongo. Akashusha mikono, akaliweka sawa gauni lake, akaenda.