Tuchome Kabla ya Sheria

Kila msimu sisi wa kijiji cha Mbingu tunahamia bondeni. Tunajenga dungu, kibanda cha juu ya miti, na kulinda mpunga mpaka uvunwe. Mwaka huu tulivuna vizuri. Magunia tuliyapanga chini ya dungu, tukisubiri pawatila ya kukodi, kijitrekta cha kuvuta tela, ije kuyabeba.

Jioni moja mume wangu, Nazari, alirudi kutoka kijiweni na habari.

"Mama Levina, serikali inaleta sheria. Kuchoma mabua ya mpunga marufuku. Wacha nichome leo."

"Baba Levina, mpunga bado uko hapa. Tuutoe kwanza."

"Wakishapitisha nitalima vipi? Mabua yote haya niyatoe kwa meno?"

Nazari hashauriki. Akawasha. Upepo ukageuka. Tulimwaga maji kwa ndoo mpaka mikono ikaisha nguvu. Dungu likashika moto, likaangukia magunia. Chakula, mbegu, ada ya Levina, vyote vikaungua. Nilikaa chini nikalia.

Kesho yake alikuja Kandida, bibi shamba wa kata yetu.

"Shikamooni. Poleni sana."

"Marahaba. Tumekwisha, mwanangu."

Nazari akamuuliza, "Hiyo sheria imeanza lini?"

"Haijaanza, baba. Ni muswada, yaani mapendekezo ya sheria. Bunge halijaupitisha. Unataka nchi ipunguze gesi zinazoongeza joto duniani. Moshi wa mabua unazo. Joto likizidi, mvua zinavurugika. Mafuriko na ukame mnavijua. Lakini kwanza wananchi tunaulizwa maoni. Ijumaa kuna mkutano ofisi ya kata."

"Kwa hiyo hakuna aliyenikataza."

"Hakuna, baba."

Nazari alishinda akipekua majivu ya magunia. Heri angenigombeza.

"Na mabua yaliyobaki tuyafanyeje?" niliuliza mimi.

"Yatandazeni mapema, yaoze kabla maji hayajajaa shambani. Ni mbolea hiyo."

Ijumaa tulikwenda. Nazari alisimama. "Mkisema tusichome, semeni na trekta la kufukia mabua litatoka wapi. Sisi tuna jembe la mkono tu." Wakaandika maoni yake. Kama watayasoma, sijui.

Kipande ambacho hakikuungua tulikitandaza mabua. Mvua zilipoanza, udongo ulikuwa mweusi na laini. Majirani walikuja kutazama, na wao wakaacha kuchoma. Nazari aliuchota udongo mkononi, akaukanda taratibu.

"Shamba limekuwa zuri," akasema. "Mbegu nilizichoma. Sasa tupande nini?"