Kompresa Nyekundu ya Dagny

Jumamosi nyingine Dagny huosha vyombo vya asubuhi kwa kujivuta. Leo alivimaliza mbiombio, akavaa koti na kusimama mlangoni. Redio ya mji wa Fargo ilikuwa imetangaza kuwa usiku huo baridi itagandisha ardhi, na mabomba ya vinyunyizio chini ya nyasi zao yalikuwa bado na maji. Maji yakiganda huvimba, bomba likapasuka. Lazima yafukuzwe kwa upepo wa kompresa, mashine ya kusukuma hewa. Na mwaka huu baba yake, Leif, alikuwa amemwachia yeye, binti wa miaka kumi na miwili, achague kompresa ya kukodi.

"Ule ukurasa wa maelezo ya kompresa niliokupa umeusoma?" baba aliuliza garini.

"Nimeusoma, baba." Alikuwa ametazama picha tu.

Dukani palikuwa na kompresa kubwa ya magurudumu, kuukuu, rangi imebabuka. Pembeni yake ndogo nyekundu, inang'aa kama pilipili, imeandikwa presha mia na hamsini. Dagny aliikimbilia nyekundu.

"Una hakika, binti?" mwenye duka alimuuliza. "Saa saba nafunga."

"Nina hakika."

Nyumbani baba alipanda ngazi kusafisha mifereji ya paa. Dagny akaunganisha mpira wa kompresa kwenye bomba, akafungua upepo. Kinyunyizio cha kwanza kikatema maji, kikakohoa, kikanyamaza. Mtungi wa kompresa ulikuwa umekwisha upepo. Akangoja ujae, akafungua tena. Yaleyale.

"Hiyo hata mishumaa ya keki haizimi," alicheka kaka yake, Espen. "Puliza wewe, una mdomo mkubwa kuliko yenyewe."

"Nyamaza, masikio kama vifuniko vya sufuria."

Akashika kitufe ili apandishe presha.

"Wee, acha! Ikipita hamsini utayapasua mabomba mwenyewe kabla ya baridi," Espen alisema. Kisha akashusha sauti. "Mwambie baba tumemaliza. Yako chini ya udongo, nani atayaona?"

Dagny aliinama akatega sikio. Maji yalikuwa yakigugumia bombani. Ilikuwa imefika saa sita na dakika ishirini. Akaenda chini ya ngazi.

"Baba, shuka. Sikuusoma ule ukurasa. Nilikudanganya."

Baba akashuka. "Kalete kalamu."

Wakahesabu: kila mstari wa bomba una vinyunyizio sita, na upepo wa ile nyekundu kwa dakika haukutosha hata robo.

"Kitendawili," baba alisema wakikimbiza gari dukani.

"Tega."

"Ana misuli ya kupasua bomba, hana pumzi ya kulikausha."

"Kompresa nyekundu," Dagny alijibu, akicheka kwa aibu.

Mwenye duka alikuwa na funguo mkononi. Alizirudisha mfukoni, akawasukumia ile kuukuu.

Iliponguruma, presha ikiwa hamsini tu, vinyunyizio vyote sita viliinuka pamoja. Vikamwaga maji, vikatoa ukungu mweupe, mwisho upepo mkavu. Dagny alikimbia mstari hadi mstari, Espen nyuma yake, wote wamelowa mpaka soksi.

"Umeona," baba alisema akikunja mpira, "kuchagua vibaya kumetugharimu safari moja. Ungenyamaza, tungelijua kosa mwezi wa tano tukifungulia maji, tukiwa na majembe mkononi. Kazi usiyoijua isome kwanza, mwanangu. Na ukikosea, sema kungali mchana."

"Nimesikia, baba."

"Haya, nenda kabadilishe soksi."