Mashine Inayofuata

Haya yalimpata rafiki yangu Shafiq, hapa hapa Niboye, na mtu asiniambie ni panya. Yeye na Ntare, aliyeishi naye, walitengeneza muziki kwa mashine mbili za midundo, kila mmoja na yake chumbani kwake, zimeunganishwa kwa waya uliopita chini ya mlango wa katikati. Ya Ntare iliongoza. Ya Shafiq ilifuata tu. Bila ile nyingine haipigi hata mdundo mmoja.

Wiki jana Ntare alihama bila kuaga, akabeba mashine yake, akauacha waya.

Mchana mmoja Shafiq aliwasha yake ili afute nyimbo zao. Ikaanza kupiga, polepole. Akafurahi, masikini, akampigia simu.

“Umerudi, ndugu yangu?”

“Nirudi wapi? Niko Kimihurura na wenzangu. Mashine iko hapa mbele yangu.”

Shafiq aliufuata waya hadi chumba alichokuwa akilala Ntare. Kulikuwa na giza, mablanketi ya kuzuia kelele bado yalifunika dirisha. Akapapasa sakafuni, akaiokota ncha ya waya. Mashine kule chumbani kwake ikanyamaza.

Ncha ile ilikuwa na joto, tena imelowa, kama kitu kilichotolewa kinywani sasa hivi.