Sanduku Lililoitikia Kila Jina

Ting.

Mlio wa barua pepe ulimwamsha Zubeda usiku wa manane. Akapapasa chini ya mto kuitafuta simu, akakumbuka kwamba simu ameiacha sebuleni, tena imekufa chaji tangu umeme ulipokatika Manzese nzima. Akatulia, masikio juu. Ting, tena. Safari hii alisikia vizuri ulikotoka mlio. Ulitoka kwenye kitanda cha mtoto.

Kisha mwanawe wa miezi minane, asiyejua hata kusema "mama", akaitika gizani kwa sauti safi ya mwanamke mzima: "Abee."

"Mashaka!" Zubeda alimtikisa mumewe. "Mashaka, amka. Mtoto kaitika."

"Kaitika nini? Ana njaa huyo, mnyonyeshe."

"Kasema abee, wallahi tena!"

"Umeota wewe. Hizo kompyuta zako zitakutia wazimu."

Jina la kwanza la mtoto huyo halitatajwa hapa. Na habari ya kompyuta ilikuwa hivi: Zubeda, aliyeishia kidato cha nne, alikuwa akienda Mwananyamala kwa mwalimu Gozbert kujifunza kutengeneza tovuti, apate kuuza madera yake mtandaoni.

"Tovuti haikai kwenye simu yako, dada," Gozbert alizoea kusema. "Simu ni dirisha tu. Tovuti inakaa kwenye seva, kompyuta isiyolala, huko mbali. Mtu akiandika jina la tovuti, kivinjari chake kinaulizia kwanza anwani yake, kinaelekezwa, kinakwenda kubisha hodi, seva inafungua. Barua pepe nayo ni hivyo hivyo. Seva inaangalia jina lililotangulia ile alama ya @. Mwenye jina yupo, barua inaingia. Hayupo, inarudi ilikotoka na ujumbe: hapa hakuna mtu huyo."

"Na mteja akikosea jina?"

"Lipo sanduku la kupokea yote, lenyewe halichagui jina. Ila usiliwashe. Utabeba takataka za dunia nzima."

Zubeda aliliwasha. Tena akaongeza jibu la kujituma lenyewe, saa yoyote, kutoka kwa jina lile lile lililoandikiwa, akalitunga kwa adabu aliyolelewa nayo: *Abee, nimekusikia. Karibu, mlango uko wazi.* Marehemu bibi yake wa Kimbiji alimkanya tangu utotoni kwamba sauti ya usiku haiitikiwi mpaka ikuite mara ya tatu, maana jini lisiloitikiwa haliiti mara tatu. Lakini nani angemkumbuka bibi mbele ya kompyuta?

Umeme uliporudi alfajiri akawasha simu. Barua zimejaa. Zote tupu, mtumaji hasomeki, zote zimeandikwa kwa jina la mtoto, jina ambalo Zubeda hakuwahi kuliweka popote kwenye tovuti ile. Na chini ya kila barua, jibu: *Abee, nimekusikia. Karibu, mlango uko wazi.* Ya mwisho tu ndiyo ilikuwa na neno.

*Nimeingia.*

Kwanza ikaja harufu ya nywele zinazoungua, kisha kabati likaanza kugongwa kutoka ndani, na Mashaka, aliyekuwa anafunga vifungo vya shati aende kazini, akaruka kumnyakua mtoto, na kabla mikono haijamfikia kitu kisichoonekana kikamkaba shingo kikamwinua mpaka miguu ikapiga hewa, kikambamiza ukutani, kikamrudisha, kikambamiza tena, mpaka mkono ukavunjika kwa mlio kama wa muhogo mkavu na meno yakamwagika sakafuni pamoja na damu, huku mtoto amekaa kitako kitandani anacheka kicheko cha mtu mzima, na kila ting iliyomtoka kooni anaiitikia mwenyewe, abee, abee, abee.

Mashaka alitambaa. Akashika mchi kwa mkono uliobaki mzima, akaiponda simu mpaka kioo kikawa unga.

Ting.

"Haiko humo!" Zubeda alilia. "Hilo dirisha tu, Mashaka! Haiko humo!"

Akatoka mbio, peku, mpaka kwa Mzee Mwinshehe, jirani yao aliyejulikana kwa kutoa majini.

"Shikamoo mzee, mtoto wangu, mtoto wangu mzee..."

"Marahaba. Tembea, utaniambia njiani."

Mzee aliingia na chetezo cha ubani, hata aya hajaimaliza, chetezo kikamrukia usoni. Makaa yakamganda shavuni, nyama ikanuka. Hakurudi nyuma.

"Nani aliitika, mwanangu?" alinong'ona.

"Seva, mzee. Maneno niliyaandika mie."

"Iko wapi?"

"Mbali. Sijui hata nchi gani."

"Unaweza kuinyamazisha?"

"Nikipata simu."

Akampa yake. Zubeda akaingiza pasiwedi kwa vidole vyenye damu ya mumewe, akalizima jibu, akalifunga sanduku la kupokea yote. Mtoto akageuza shingo polepole, ikapita pale shingo ya mtu inapoishia.

"Nilishaitikiwa," akasema. "Mwenye jina yuko hapa. Wangu."

Mzee alimshika Zubeda bega. "Litaita mara moja zaidi. Likimkuta mwenye jina, limemchukua. Lisipomkuta, linarudi lilikotoka, kama hizo barua zenu. Mvue hilo jina."

"Jina kalitoa bibi yangu kitandani, anakata roho!"

"Jina au mtoto. Chagua."

Ting. Ngozi ya shingo ya mtoto ikaanza kuchanika mstari mwembamba, kama inayokatwa na ukucha, na Zubeda akaanguka magoti kwenye damu, akamkumbatia, vimeno viwili vya mtoto vikamzama begani mpaka mfupani, hakumwachia, akapiga ukelele uliosikika mpaka barabara ya lami: "Hapa hakuna mtu wa jina hilo! Hayupo! Hajawahi kuwepo! Rudi ulikotoka!"

Bati la paa likang'oka kwa kishindo, misumari ikaruka. Halafu mtoto akalia, kilio cha kitoto, cha njaa.

Wakampa jina palepale: Pili. Cheti kikabadilishwa, ndugu wakakatazwa kuuliza.

Pili sasa ana miaka minne. Juzi, mchana kweupe, Zubeda alikuwa anamsuka barazani.

"Mama, zamani mie nilikuwaga naitwa nani?"

Kitana kikasimama. "Nani kakwambia ulikuwa na jina jingine?"

"Yule anayebishaga hodi. Anasema kuna mtu wake humu, kamsahau jina, nimkumbushe."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mie sijui. Mama ndo anajua."

Kovu la vimeno viwili likaanza kumchonyota Zubeda begani. Nyuma yao, ndani ya nyumba isiyokuwa na mtu, ting.

Alimvuta mtoto kifuani, akamziba masikio kwa viganja, akasema kwa nguvu, yule aliyeko ndani amsikie:

"Mama hasemi. Na wewe, mwanangu, sikwambii. Sitamwambia mtu yeyote, mpaka naingia kaburini."