Maneno Yaliyojirudia

Neno "mlango" lilikuwa limerudi. Mhariri alikumbuka vizuri kwamba jana alilifuta kwa mkono wake. Sentensi ilisema "akafungua mlango mlango", akaondoa mmoja, akahifadhi kazi, akaenda kupika. Leo milango ilikuwa miwili tena. Na chumba kilinuka wino mbichi, wakati nyumba nzima haikuwa na chupa ya wino wala karatasi mpya, ila kompyuta moja na feni iliyozunguka kwa kulalamika.

Hakuogopa. Mtu wa kazi yake huzoea kuyashuku macho yake kwanza. Kitabu chenyewe kilikuwa kikuukuu, riwaya ya mwalimu mmoja aliyekufa zamani, na mchapishaji alitaka kiwe kitabu pepe, watu wakisome kwenye simu. Kurasa zilipigwa picha, kompyuta ikazigeuza kuwa maandishi, na kama kawaida yake ikaboronga. Kila ukurasa ulikuwa na maneno yaliyoandikwa mara mbili. Aliyafuta, yakarudi. Akayafuta tena, yakarudi na wenzao.

Kipo kitufe cha kuimaliza kazi hiyo kwa mkupuo: Badilisha Yote. Wahariri wa Kiswahili wanakiogopa kama moto, kwa sababu lugha yetu yenyewe inapenda kurudia. Ukiiagiza kompyuta ifute kila neno lililojirudia, itafuta makosa, halafu itafuta na "kidogo kidogo", na "mbali mbali", na mama anayembembeleza mtoto wake, "lala, lala". Kwa hiyo unakwenda moja moja, unatazama, unaamua, kama mtu anayechagua mchele. Inachosha, na yeye alikuwa amechoka.

Jua likiwa la utosi, binti yake akaingia kutoka shule. Jina la nyumbani aliitwa Chiriku, maana alikuwa na kigugumizi kikali lakini hakunyamaza hata siku moja. Habari ya dakika moja aliisimulia kwa robo saa, akijicheka mwenyewe njiani. Marehemu baba yake alikuwa akisema kwamba kwa mtoto huyu ukinunua neno moja unaongezewa mawili bure.

"Ma-ma-mama, leo mwa-mwa-mwa…"

"Sema, mwanangu, nakusikiliza," alisema mhariri, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwa-mwalimu a-a-ame…"

"Chiriku, nina kazi. Nenda kale kwanza."

Mtoto akaenda jikoni. Kidole cha mama kikasogea hadi kwenye kile kitufe, na kompyuta ikauliza kama ana uhakika. Hapo harufu ya wino ikapanda ghafla, na nyuma ya sikio lake sauti ndogo ikauliza, "Yote?"

Alidhani ni mtoto. "Yote," akajibu bila kugeuka, akabonyeza. "Nimechoka na haya mambo ya kurudia-rudia."

Kule jikoni sahani zilikuwa bado zinagongana. Tangu utotoni alikatazwa kuitikia sauti ambayo mwenyewe haonekani, na sasa alikuwa ameitikia.

Jioni mtoto alikaa mezani, akaweka mikono mapajani, akasema, "Mama, mwalimu amenichagua nisome shairi mbele ya shule."

Sentensi nzima, laini, haina hata kovu. Mhariri aliangusha kijiko. Alimwomba aseme tena, mtoto akamtazama tu, lakini nani angejali? Alilia, akacheka, akampigia simu mdogo wake.

"Amepona! Nakwambia mtoto amepona."

"Taratibu, dada, usije ukazimia."

"Acha nizimie. Miaka yote hii nilikuwa naomba, nikidhani sisikiwi."

Alizunguka chumba akicheka kwa sauti, simu sikioni, na mtoto amekaa palepale anamfuata kwa macho. Ilikuwa furaha ya kweli, na sitamlaumu kwa hilo. Mzazi gani asingefurahi?

Halafu mambo yakaanza kuonekana. Chiriku aliimba ubeti, kiitikio akakiacha. Alikunywa maji funda moja, akaweka kikombe. Alipochekeshwa alitoa "ha" moja, ikaishia hapo, na uso ukabaki wazi kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Kila alipopita aliacha harufu ya wino. Alichokwisha kusema hakukisema mara ya pili, hata kwa kubembelezwa, na neno la kwanza kumwishia lilikuwa "Mama".

Mchana mmoja alimkuta mwanawe amelala kitandani, jua limejaa dirishani, mtaa umenyamaza kwa joto, na mhariri, ambaye mpaka hapo alikuwa akijidanganya kwamba mtoto anakua tu na watoto wakikua hutulia, aliinama amfunike shuka, akasikia ubaridi, akaweka sikio kifuani pake, akasikia moyo ukipiga mara moja, akangoja, akasikia feni, akasikia damu yake mwenyewe masikioni, akazidi kungoja, na pigo la pili halikuja ila kwa mbali sana, kama kitu kilichosahaulika kufutwa. Ndipo akaelewa kwamba moyo nao ni kitu kinachojirudia.

Mdogo wake alimleta fundi cherehani mmoja aliyesifika kwa kusomea watu wenye majini. Alifika na futi yake ya kupimia ingali shingoni. Alinusa mlangoni, akashusha sauti.

"Nani alimpa kazi?"

"Kazi gani?"

"Jini havunji mlango, dada yangu. Huyu ameajiriwa. Ulimwambia nini?"

Mhariri alimweleza kwa kunong'ona. Fundi hakumkemea. "Basi mwachishe. Rudisha alivyofuta, kwa mkono wako, kimoja kimoja, na kila kimoja useme ni chako. Mimi nitasoma. Usigeuke."

Mhariri akafungua nakala ya zamani, ile mbovu, akaanza kuyarudisha makosa. Mlango mlango. "Ni wangu." Lala, lala. "Ni yangu." Nyuma yake fundi alikuwa anasoma, na katikati ya kisomo sauti ya binti yake, safi, bila mkwaruzo, ikasema, "Ulisema yote," na yeye hakugeuka, akaandika, harufu ya wino ikimjaa kooni mpaka akakohoa, na ile sauti ikasogea karibu na sikio, ikaahidi kwamba mtoto atasoma shairi mbele ya shule nzima bila kukwama, watu watasimama wapige makofi, na mama mtu akalia kwa nguvu na bado akaandika, "ni yangu, ni yangu, ni yangu," mpaka fundi akanyamaza na kutoka kitandani ikasikika pumzi, na pumzi nyingine, na nyingine.

Harufu ikaondoka. Fundi alikunja futi yake, akaenda zake. Mhariri alilala amemkumbatia mwanawe, anahesabu mapigo ya moyo kama bahili.

Lakini Chiriku hakusema kitu. Siku ile, na iliyofuata. Alikula, alifua sare zake, aliitikia kwa kichwa. Mama alifunga kompyuta, akamwachia mchapishaji kitabu chake, akawa anakaa tu karibu naye.

Hatimaye mtoto alikuja akasimama kando ya kiti.

"Ma-ma-mama."

Mhariri alifumba macho. Hakuwahi kusikia kitu kitamu kama kile. "Sema, mwanangu. Sema taratibu. Leo sina kazi yoyote."

"Yu-yule a-alisema vizuri."

"Yule hakuwa wewe."

"Ni-nilikuwa huko ndani. Na-na-nasikia." Akameza mate. "U-ulimpigia simu ma-mama mdogo. U-u-ulicheka sana. Kwa-kwangu hu-hujawahi kucheka hivyo."

Mama alimvuta, akamkumbatia, akaapa, akaomba radhi, maneno yakimtoka ovyo. Mtoto alikaa mikononi mwake amelegea, akimngoja amalize, kama yeye alivyozoea kungojwa.

"Mwi-mwi-mwite arudi," alisema. "Mi-mimi nitakaa ki-kimya huko ndani. Si-si-sitakusumbua."